Kilo Zisizoandikwa

Abiria wengi wanaoogopa ndege huogopa vitu vya angani: mawingu mazito, mtikisiko, injini kuzimika juu ya bahari. Ni hofu inayoeleweka, kwani hivyo ndivyo vinavyoonekana dirishani. Lakini ukikaa na ripoti za wachunguzi wa ajali za ndege zilizoshindwa kupaa, ukazisoma moja baada ya nyingine, unaanza kuona jambo ambalo dirisha halilionyeshi. Mara nyingi safari iliharibika ndege ikiwa bado imesimama, milango wazi, vijana wa mizigo wakiingiza mabegi, na mtu mmoja akiandika namba kwenye karatasi au kwenye kompyuta. Namba hiyo haikuwa ya kweli. Hoja yangu ni kwamba uzito mkubwa peke yake hauangushi ndege mara nyingi kama watu wanavyodhani. Kinachoiangusha ni uzito ambao rubani hakuambiwa, au aliambiwa vibaya, au uliokaa mahali asipopajua. Kumbukumbu za usafiri wa anga zimejaa ushahidi wa jambo hilo, na bado kila kizazi cha wasafiri kinabishana na karani kaunta kana kwamba kilo tano ni suala la adabu tu.

Tuanze na uzito wenyewe, maana hesabu yake si ngumu. Bawa hunyanyua ndege kwa kupita hewani kwa kasi, na ndege ikiwa nzito zaidi, kasi inayohitajika ili iache ardhi nayo hupanda. Ongeza asilimia 10 ya uzito, kasi hiyo itapanda kwa takriban asilimia 5, kiasi ambacho hakimtishi mtu. Tatizo ni umbali. Injini ni zile zile, zinasukuma mzigo mzito zaidi hadi kasi kubwa zaidi, kwa hiyo mbio za ardhini zinarefuka kwa karibu moja ya tano, wakati mwingine zaidi. Ndege iliyokuwa ikiinuka baada ya mita 850 kwenye njia ya mita 1,000 sasa inahitaji mita ambazo njia haina. Kisha ongeza mwinuko na joto. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kiasi kwamba ndege inayopaa hapo hulazimika kukimbia kwa kasi halisi iliyozidi ya pwani kwa asilimia 8 hivi, hata kabla hujahesabu nguvu ambazo injini yenyewe hupoteza. Spidi anayoiona rubani kwenye kipimo chake ni ile ile aliyoizoea Mombasa au Zanzibar; ardhi ndiyo inayopita haraka zaidi chini ya magurudumu. Huko Goma, Kongo, hali ilikuwa ngumu zaidi: juu ya mwinuko unaokaribia huo wa nyanda za juu, mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Januari 2002 ulimwaga lava juu ya sehemu ya njia ya kurukia, na kwa miaka mingi marubani wakapaa kutoka kwenye njia iliyokatwa.

Yote haya yana dawa iwapo namba inajulikana. Rubani anayejua kwamba ndege yake ni nzito anaweza kupunguza mafuta na kuyajaza kwenye kituo cha mbele. Anaweza kuacha katoni zije na safari ya kesho, kusubiri jua lipoe, kuomba njia ndefu zaidi, au kukataa safari. Ndege za mizigo zenye zaidi ya tani 350 hupaa kila siku duniani bila mtu kuandika habari zake, kwa kuwa uzito wao umehesabiwa, na kasi, nguvu za injini na umbali vimepangwa kuufuata. Uzito usiojulikana hauna dawa, kwa sababu hakuna anayeitafuta. Rubani huweka kasi za kupaa kulingana na karatasi aliyopewa. Kama karatasi inadanganya, ataanza kuuona ukweli ndege ikiwa imeshakula sehemu kubwa ya njia, katika sekunde ambazo kusimama hakuwezekani tena na kuruka hakujawezekana bado.

Mahali mzigo ulipokaa ni jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo lisiloeleweka zaidi. Mtu aliyebeba mzega, dumu la maji kila ncha, hajali sana jumla ya kilo kama anavyojali mti umekaa wapi begani. Akikosea kwa upana wa kiganja, dumu moja litamwelemea naye atayumba. Ndege nayo imebebwa hivyo, na bega lake ni mabawa. Chukua ndege ndogo yenye jumla ya kilo 4,000, abiria na mafuta vikiwemo. Hamisha kilo 100 kutoka mbele kwenda nyuma kwa mita 3, tuseme mtu mmoja na begi lake kutoka kiti cha nyuma ya rubani hadi karibu na mkia. Zidisha 100 kwa 3, gawa kwa 4,000: kitovu cha uzito cha ndege nzima kimesogea nyuma sentimita 7.5. Inaonekana ni kidogo mpaka ukumbuke kwamba kwa ndege ya ukubwa huo ikiwa imejaa, nafasi yote inayoruhusiwa kati ya mpaka wa mbele na mpaka wa nyuma hupimwa kwa sentimita. Abiria mmoja aliyeomba kukaa nyuma ili apige picha vizuri amekula sehemu kubwa ya nafasi hiyo.

Na mipaka hiyo miwili haina hatari ya aina moja. Uzito ukizidi mbele, pua inakataa kuinuka. Rubani anavuta usukani ikifika kasi aliyoandikiwa, ndege inaendelea kukimbia chini, na mwisho wa njia unasogea. Uzito ukizidi nyuma, pua inainuka yenyewe, mapema na kwa haraka, na kadiri inavyoinuka ndivyo inavyotaka kuendelea kuinuka. Rubani anasukuma usukani mbele, mkia hauna nguvu ya kutosha kuishusha pua, kasi inakwisha, na bawa linaacha kunyanyua. Kati ya hizo mbili, ya nyuma ndiyo inayoogopwa zaidi na watu wa kazi hiyo, kwani ya mbele hujionyesha ukiwa bado ardhini na ya nyuma hujionyesha ukiwa umeshaiacha.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe, maana ndiyo kitovu cha mjadala. Karatasi ya mzigo ina mistari michache. Wa kwanza ni uzito wa ndege tupu, na huu umepimwa kweli: ndege huwekwa juu ya mizani kila baada ya miaka kadhaa na matokeo kuhifadhiwa. Mafuta nayo yamepimwa, ingawa mara nyingi huuzwa kwa lita na kuandikwa kwa kilo, na hapo katikati kuna kuzidisha ambako mtu anaweza kukosea. Mabegi ya tumboni yamepita kwenye mizani ya kaunta. Halafu unakuja mstari wa abiria, na hapa kalamu inaandika kitu ambacho hakuna aliyekipima. Watu wanahesabiwa vichwa, kisha idadi inazidishwa kwa wastani. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, humpa mtu mzima kilo 84 pamoja na begi lake la mkononi kwenye ndege za viti 30 na zaidi, na mtoto kilo 35. Ndipo tunapopata kioja kinachojulikana na kila msafiri: begi la kilo 23 linabishaniwa mpaka nukta ya mwisho, na mwenye begi anakadiriwa tu. Chini kabisa kuna sahihi ya rubani mkuu. Anatia sahihi namba ambazo zote zimetengenezwa na watu wengine, watu ambao mara nyingi hajawahi kuwaona, na sahihi hiyo ndiyo itakayotajwa mahakamani.

Wastani si uongo. Ukiwa na abiria 300, wazito na wepesi wanafidiana, na kosa linalobaki ni dogo ukililinganisha na ndege nzima. Lakini fidia hiyo inahitaji umati. Tukichukulia kwamba watu hutofautiana na wastani kwa kilo 15 hivi, hesabu ya kawaida ya takwimu inaonyesha kwamba jumla ya watu 300 itapotoka kwa asilimia 1 hivi, na jumla ya watu 12 itapotoka kwa karibu asilimia 5, bila mtu yeyote kudanganya. Na hao 12 hawachaguliwi kwa kura. Wanaweza kuwa timu ya mpira wa kikapu, au wafanyakazi wa mgodi waliobeba zana zao, au watalii wenye kamera zenye lenzi za kilo kadhaa. Kadiri ndege inavyokuwa ndogo, ndivyo wastani unavyoaminika kidogo na ndivyo kosa la kilo zile zile linavyokuwa na madhara makubwa.

Ajali iliyowafundisha Wamarekani jambo hili ilitokea Charlotte, North Carolina, tarehe 8 Januari 2003. Ndege ya Beechcraft 1900D ya Air Midwest, viti 19 na vyote vimejaa, ilipaa ikaanza kuinua pua bila kusimama. Sekunde 37 baadaye iligonga hanga la ndege na kuua watu wote 21 waliokuwa ndani. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, walikuta sababu mbili zilizoshikana. Siku mbili kabla, fundi aliyerekebisha mfumo wa nyaya zinazoendesha mkia alikosea, na mkia ukabaki bila uwezo kamili wa kushusha pua. Hilo peke yake lilikuwa limeshasafiri: ndege iliruka safari tisa katika hali hiyo na ikatua salama zote. Safari ya kumi ndiyo iliyobeba watu na mabegi kiasi cha kusogeza kitovu cha uzito nyuma kupita mpaka, na mkia uliopungukiwa ukaitwa kufanya kazi usiyoiweza. Marubani hawakuwa wamekiuka hesabu. Karatasi yao, iliyojazwa kwa wastani ulioidhinishwa na mamlaka, ilisema ndege iko ndani ya mipaka yote.

Baada ya hapo mamlaka ya Marekani iliamuru mashirika yenye ndege ndogo kama hiyo yawapime abiria halisi. Matokeo yalionyesha kwamba abiria alikuwa mzito kuliko ilivyodhaniwa kwa zaidi ya paundi 20, yaani kilo 9 hivi. Zidisha kwa 19 uone. Taifa lilikuwa limenenepa na karatasi haikuambiwa. Nakaa kwenye ajali hii kwa sababu haina mhalifu wa kumnyooshea kidole upande wa uzito: hakuna aliyepenyeza mzigo wala rubani aliyejifanya shujaa. Kuna namba moja tu iliyokuwa kweli zamani, ikaachwa izeeke ikiwa bado na muhuri.

Kuna familia nyingine ya ajali ambayo haihusiani na abiria wala mabegi kabisa, na inaiunga mkono hoja kwa njia ambayo mwanzoni usingeitarajia. Machi 2003, huko Auckland, ndege ya Boeing 747 ya Singapore Airlines ilipaa ikiburuza mkia wake kwenye lami kwa sababu uzito wa tani 347 ulikuwa umeandikwa 247. Oktoba 2004 ndege ya mizigo ya MK Airlines, 747 pia, ilijaribu kupaa Halifax, Kanada, kwa hesabu ambazo wachunguzi waliamini zilitoka kwenye uzito wa safari iliyotangulia siku hiyo hiyo, pungufu kwa zaidi ya tani 100. Ilipita mwisho wa njia, mkia wake ukagonga tuta la udongo, na wafanyakazi wote saba wakafa. Machi 2009 Melbourne ikashuhudia jambo lile lile: Airbus ya Emirates iendayo Dubai, watu 275 ndani, tani 362.9 zimeingizwa kwenye kompyuta kama 262.9. Kapteni alisukuma nguvu zote za injini mwishoni kabisa mwa njia, ndege ikajiinua kwa shida, ikagonga taa na antena, ikazunguka ikarudi salama. Ndege hizi hazikuwa na kilo hata moja zaidi ya zilizoruhusiwa. Zilikuwa na uwezo wa kupaa vizuri kabisa, njia ilitosha, injini zilikuwa nzima. Kompyuta ilipewa ndege nyingine, nyepesi, ikapanga kasi ndogo na nguvu ndogo za kuipaisha ndege hiyo isiyokuwepo.

Anayedhani kompyuta za kisasa zimeondoa tatizo asome ripoti ya Uingereza kuhusu safari ya shirika la TUI kutoka Birmingham kwenda Majorca, Julai 2020. Programu mpya ya kuandikisha abiria iliwahesabu wanawake 38 waliojiandikisha kama Miss kuwa watoto, ikawapa kila mmoja kilo 35 badala ya 69. Karatasi ya mzigo ikawa pungufu kwa zaidi ya kilo 1,200. Ndege ilipaa bila shida, na wachunguzi walisema usalama haukuhatarishwa. Ila ona aina ya kosa: mizani ya kaunta ilikuwa sahihi, wapakiaji walikuwa makini, rubani alikuwa macho, na bado zaidi ya tani moja ya watu ilipotea kwenye mstari mmoja wa programu.

Nikirudi Afrika, najua msomaji anachosubiri kusikia: kwamba kwetu tatizo ni tamaa, nalo ni rahisi kulielewa. Ajali ya Cotonou, Benin, ya sikukuu ya Krismasi 2003, inaonekana kuthibitisha hivyo. Boeing 727 ya kampuni ya Guinea ilijaribu kupaa ikiwa imezidiwa uzito, ikagonga jengo dogo la vifaa vya kuongozea ndege mwisho wa njia, ikaangukia ufukweni. Watu 141 walikufa. Lakini wachunguzi wa Ufaransa waliotunga ripoti waliandika kitu cha hadhari zaidi. Ndege ilikuwa imezidiwa, na kitovu chake cha uzito kilikuwa mbele bila marubani kujua. Ile hali ya pua kukataa kuinuka, niliyoieleza juu, ndiyo iliyowakuta. Nyuma yake ripoti iliona kampuni isiyo na utaalamu wala utaratibu wa kujua imepakia nini na wapi. Tamaa inaweza kuwa ndiyo iliyojaza tumbo la ndege. Kutojua ndiko kulikomnyima rubani nafasi ya kujiokoa. Na Kinshasa, tarehe 8 Januari 1996, Antonov An-32 iliyozidiwa mzigo ilishindwa kuacha ardhi kwenye uwanja wa Ndolo, ikapita mwisho wa njia na kuingia sokoni Simbazikita. Waliokufa walikuwa zaidi ya 200, karibu wote wanunuzi na wauzaji ambao hawakuwahi kukata tiketi ya ndege hiyo. Nikisikia mtu akisema kilo za ziada ni hatari aliyoikubali mwenyewe, hao ndio ninaowafikiria.

(Ajali ya Bandundu, Kongo, ya 2010 inasimuliwa zaidi kuliko hizi zote, kwa sababu ya mamba. Mtu pekee aliyenusurika aliripotiwa kusema kwamba mamba alitoka kwenye begi la abiria, watu wakakimbilia mbele, na ndege ikapoteza mizani ikikaribia kutua. Watu 20 walikufa. Sipingi wala sithibitishi masimulizi hayo. Nashangaa tu jinsi mamba anavyokumbukwa na watu waliomkimbia wanavyosahaulika, hali wao ndio uzito uliohama.)

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu ni la watu wenye elimu ya uhandisi: ndege hutengenezwa na akiba. Ni kweli. Ndege ya abiria yenye injini mbili hutakiwa iweze kupaa na kupanda hata injini moja ikifa katika wakati mbaya kuliko wote. Umbali wa njia nao huongezewa posho. Kwa hiyo, wanasema, kilo mia mbili zisizoandikwa zinamezwa na akiba hiyo, na ushahidi ni ndege nyingi zilizopaa zikiwa zimezidi na zikafika. Ushahidi huo naukubali, na ndio unaonitia wasiwasi. Akiba imewekwa kwa ajili ya injini kufa, upepo kugeuka, maji kutuama kwenye njia, fundi kukosea nyaya za mkia. Anayeitumia kwa katoni ameitumia kabla haijahitajika, na hamwambii rubani kwamba haipo tena. Charlotte ilikuwa na matatizo mawili, na kila moja peke yake pengine lingevumilika. Safari zile tisa zinaonyesha hivyo kwa upande wa mkia. Ndege iliyozidiwa ikafika salama haikuthibitisha kwamba uzito ulikuwa sawa. Imethibitisha kwamba siku hiyo hakuna kingine kilichoharibika.

Pingamizi la pili nalichukulia kwa uzito zaidi, maana ni la utu. Kumpandisha mtu mzima kwenye mizani mbele ya foleni kunadhalilisha, hasa mwanamke, hasa mtu mnene, na hakuna mtu aliyelipa nauli anayependa mwili wake utangazwe. Kampuni ya Samoa Air ilipoanza kuwatoza abiria nauli kwa kilo, miaka ya 2012 na 2013, nusu ya dunia ilicheka na nusu ikakasirika. Nadhani kosa lao lilikuwa kuchanganya kupima na kutoza. Ukishaweka bei kwenye kilo za mtu, umemfanya awe mzigo. Lakini kupima bila kutoza kunaweza kufanywa kwa staha. Air New Zealand mwaka 2023 na Finnair mwaka 2024 ziliwaomba abiria wa hiari wapande mizani pamoja na mabegi yao, namba ikiingia kwenye kompyuta bila jina na bila kioo cha kuionyesha kwa foleni, ili wastani urekebishwe. Na kwa ndege za viti 12 zinazokwenda Mafia au mbugani, ambako wastani hautoshi, karani mwenye busara hasemi "Njoo nikupime." Anasema, "Shikamoo mama, naomba usimame hapa na begi lako mkononi," mtu na begi vinapimwa pamoja kwa mara moja, kioo kimemwelekea karani, na hakuna anayejua kilo zipi ni za nani. Staha hiyo haihitaji sheria mpya wala bajeti.

Ndani ya pingamizi hilo kuna la kiuchumi ambalo watu wa mijini hulipuuza. Kikomo cha kilo 15 kwenye ndege ndogo, na begi laini lisilo na magurudumu, kwa mtalii ni usumbufu wa siku tatu. Kwa mfanyabiashara anayeruka kwa kuwa barabara haipitiki, kilo hizo ndizo faida ya safari, na kumwambia aziache ni kumwambia asafiri bure. Simlaumu kwa kubishana. Ninachokataa ni suluhisho lake la kawaida, la kumpa kijana wa mizigo kitu kidogo ili begi la pili lipite pembeni ya mizani. Heri begi hilo lipimwe, liandikwe, lilipiwe hata kwa bei ya kusikitisha, na rubani aamue kama litakwenda leo. Likiandikwa, linaweza kuwekwa mbele au nyuma palipo na nafasi, na mafuta yanaweza kupunguzwa kwa ajili yake. Likipita pembeni, limekuwa sehemu ya ndege ambayo haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote, na kwa kawaida huishia kwenye nafasi iliyo karibu na mlango wa nyuma, mahali pabaya kuliko pote.

Wengine watasema rubani mzoefu huihisi ndege. Anajua ikiwa nzito inapoanza kusogea, anajua ikiwa na pua nyepesi. Kwenye ndege ndogo kuna ukweli kidogo ndani ya dai hilo. Lakini marubani wa Auckland, Halifax na Melbourne hawakuwa wanagenzi, na tofauti ya tani 100 haikuwashtua mpaka mwishoni, kwa kuwa siku hizi karibu kila safari hupaa kwa nguvu pungufu za injini ili kuzitunza, kwa hiyo mwendo wa kujivuta polepole umekuwa wa kawaida. Hisia hulinganisha na jana. Haijui leo kuna nini tumboni. Mashine je? Mifumo ya kupima uzito kwenye miguu ya ndege ipo, na baadhi ya ndege za mizigo zimewahi kufungiwa. Nayo ina matatizo yake: upepo unaonyanyua bawa kidogo ndege ikiwa imesimama, maegesho yenye mteremko, vipimo vinavyoteleza na umri. Mimi ningependa kuiona kama mlinganishi: ikitofautiana na karatasi kwa tani 100, mtu asimame aulize. Kuiamini peke yake kungeturudisha Birmingham.

Wala karatasi iliyo sahihi getini haitoshi ikiwa mzigo haukufungwa. Bagram, Afghanistan, tarehe 29 Aprili 2013, 747 ya National Airlines ilipaa na magari matano ya kijeshi ya deraya. Angalau moja lilikatika mikanda iliyolifunga, likarudi nyuma, likavunja mifumo inayoendesha mkia, na wafanyakazi saba wakafa mbele ya kamera ya gari lililokuwa likipita. Uzito ulijulikana mpaka sekunde ambayo ulihama.

Kwa hiyo linalobaki ni swali la nani ana mamlaka ya kuizuia ndege kwa ajili ya namba. Kisheria ni rubani mkuu. Kiutendaji ni karani aliye kaunta, kijana wa mizigo aliyeshika begi la mwisho, na msimamizi anayepokea simu ya mheshimiwa aliyechelewa. Karatasi ya mzigo ina sehemu ya mabadiliko ya dakika za mwisho, mistari miwili mitatu ya kuongeza au kupunguza mtu bila kupiga hesabu upya, na kila shirika huweka kikomo chake cha mabadiliko hayo. Sehemu hiyo ni ndogo kwa makusudi. Anayetaka kujua kampuni ina tabia gani atazame mheshimiwa anapofika na maboksi matatu mlango ukiwa unafungwa: kama maboksi yanarudishwa kwenye mizani, au kama watu wote ghafla wanakuwa na shughuli upande wa pili. Na mizani yenyewe itazamwe pia. Nchini Tanzania, Wakala wa Vipimo hukagua mizani za biashara na kuziwekea alama ya ukaguzi, ile ile tunayoitafuta buchani na kwenye pampu ya mafuta. Abiria aliyesimama kaunta akibishana kuhusu kilo tano anaweza kuinama kidogo akatafuta alama hiyo pembeni ya mizani, na asipoiona aulize mara ya mwisho mizani hiyo ilikaguliwa lini.